UZI MREFU: Jioni Kampala inakombolewa, Mbale walikuwa wanaingia Pasaka. Tuwaunge mkono Wayahudi wa mlimani

KahawaYaMlima (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeukalia miezi mingi. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baba yangu mkubwa alikuwa JWTZ. Alivuka Kagera akafika Kampala. Akisimulia vita nyumbani Machame, husimulia matope, njaa, na watu waliomiminika barabarani kuwashangilia. Tarehe kaishika kama siku ya kuzaliwa mtoto wake wa kwanza: 11 Aprili 1979.

Mwaka juzi nilikwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa mambo ya kahawa ya Mlima Elgon. Ijumaa mchana mwenyeji wangu akaniambia, "Hapo juu Nabugoye kuna Wayahudi. Leo wanaingia Sabato, twende." Nikadhani ananipeleka kwa wageni kutoka Ulaya. Tulipofika nikakuta Waganda na Wagisu watupu, wakulima kama sisi, vikofia vya kufuma kichwani, wanawake kwa wanaume wamekaa pamoja, watoto wanakimbizana nje. Wakaanza kuimba. Kiebrania kinaingia, Kiganda kinapokea, gitaa na ngoma vinafuata. Mimi Mlutheri nimekulia kwaya, najua kuimba kwa mazoea na kuimba kwa moyo. Pale waliimba kwa moyo.

Baada ya sala mzee mmoja aliposikia natoka Tanzania alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. Akasema, "Mwanangu, jioni redio inatangaza kwamba Amin ameanguka, sisi tulikuwa tunaingia Pasaka."

Niliporudi nyumba ya wageni nikafungua kalenda yao ya mwaka ule. Kweli. Mwaka 1979 Pasaka ya Kiyahudi ilianza jua lilipozama tarehe 11 Aprili. Pasaka hiyo ndiyo sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Fikirini watu waliokatazwa kusali miaka minane, wanasikia farao wao amekimbia jioni ileile wanayotakiwa kusimulia habari za Farao.

Nilimpigia baba mkubwa usiku uleule. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo tuliwafungulia bila kujua?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

KahawaYaMlima

Kwanza historia, maana najua kuna atakayesema hawa wameokota dini juzi.

Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitia mashariki ya Uganda mkononi mwao. Alitarajia ufalme kwa kazi ile. Hakupewa. Alikuwa Mprotestanti, akahamia kundi la Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, lakini Biblia hakuiweka chini. Akasoma sheria za Musa, akafika kwenye tohara, akasema imeandikwa na lazima itimizwe. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo mambo ni ya Kiyahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Hakukuwa na mmisionari wa Kiyahudi. Hakukuwa na shule wala chakula cha msaada cha kumvuta mtu. Alisoma kitabu kwa lugha yake, akakiamini. Kwenye miaka ya 1920 ya mwanzo mfanyabiashara mmoja Myahudi aitwaye Yosef akapita, akakaa nao miezi, akawafundisha kalenda na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Watu wake wanaitwa Abayudaya, maana yake Wayahudi kwa Kiganda, basi.

Kisha akaja Amin. Sala zikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa na mengine kubomolewa. Wengi waligeuka Wakristo au Waislamu kuokoa maisha. Jumuiya iliyokuwa na watu wanaokaribia 3,000 ikabaki na kama 300. Hao 300 walisali ndani ya nyumba, sauti chini, mtoto amewekwa nje aangalie njia. Leo wamerudi kuwa kama 2,000, katika vijiji kadhaa vya kuzunguka Mbale na mbele kidogo.

Mtafiti_wa_Kariakoo

Mkuu, stori nzuri lakini Uyahudi ni damu. Ni uzao wa Ibrahimu. Mtu hawezi kuamka asubuhi akawa Myahudi, kama ambavyo mimi siwezi kuamka nikawa Mmasai.

KahawaYaMlima

Mkuu, Ruthu alikuwa Mmoabu. Akamwambia mkwewe, watu wako watakuwa watu wangu na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Katika uzao wake akatoka Daudi. Wayahudi wa pande zote, hata walio wakali kabisa, wanakubali kwamba mtu wa nje anaweza kuingia. Wanachogombana ni nani anayeshika mlango.

Na hapo ndipo uzi wangu unapoanza hasa.

Mtu akitaka kuingia dini ya Kiyahudi hukaa mbele ya baraza la marabi watatu, huulizwa maswali, mwanamume hutahiriwa (aliyekwisha tahiriwa hutolewa tone la damu), kisha huzama kwenye birika la utakaso. Baraza hilo wanaliita beit din. Abayudaya walikuwa wameishi Kiyahudi zaidi ya miaka themanini bila baraza hata moja kufika Mbale. Mwaka 2002 walifika marabi watano, wanne kutoka Marekani na mmoja kutoka Israeli, wakawapokea watu wapatao 400. Marabi wale walikuwa wa madhehebu ya Konsavativu.

Mwaka 2008 kijana wao, Gershom Sizomu, akahitimu chuo cha marabi cha Ziegler kule Los Angeles na kurudi kijijini akiwa rabi kamili. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao karibu wote ni Wakristo na Waislamu, wakampeleka bungeni.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho.

PwaniKwetu

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi, nimesoma hilo neno beit din nikasimama. Sisi kila siku katika Alhamdu tunasoma *maliki yaumi ddin*, Mwenye kumiliki siku ya malipo. Din hapo ni hukumu na malipo. Kumbe na wao nyumba yao ya hukumu ni beit din, na sisi Waswahili neno hilohilo tumelifanya jina la kila imani. Sikuwa najua kwamba tunagawana neno hili.

Swali langu: hayo madhehebu yao yamegawanyikaje? Maana nimezoea kusikia "Wayahudi" kama watu wamoja.

KahawaYaMlima

Waalaykum salaam ndugu yangu, ahsante. Hilo la *yaumi ddin* nitamfikishia yule mzee.

Madhehebu kwa ufupi. Waorthodoksi wanashika kwamba sheria ya Torati na mapokeo ya marabi vimetoka kwa Mungu na mwanadamu hana ruhusa ya kuvibadilisha. Wayahudi wa Mageuzi, ambao duniani huitwa pia Wapogresivu, walianzia Ujerumani. Hekalu lao la Hamburg lilifunguliwa mwaka 1818, wakasali kwa lugha ya watu na kuweka kinanda. Wanasema kila kizazi kina wajibu wa kuipima sheria kwa dhamiri na elimu yake. Katikati wako Konsavativu, Israeli wanaitwa Masorti, yaani wa mapokeo: sheria inabaki inafunga, ila wanakubali kwamba siku zote imekuwa ikikua.

Kwa hiyo tusichanganye: Abayudaya wengi wako na Konsavativu. Kuna jumuiya yao nyingine, Putti, inayofuata njia ya Kiorthodoksi. Hata mlimani pale wana tofauti zao, na wanaoana, wanazikana. Nawataja Wamageuzi na Konsavativu pamoja kwa sababu mbele ya Ofisi ya Marabi Wakuu wa Israeli wote wawili wanalala nje: marabi wao hawatambuliwi, na mtu waliyempokea hahesabiwi.

Wamageuzi bara letu wako tangu zamani. Rabi Moses Cyrus Weiler alifika Johannesburg mwaka 1933 kuanzisha kazi yao, na miaka ya 1940 jumuiya yake ikajenga shule ya watoto weusi katika kitongoji cha Alexandra. Umoja wao wa dunia ulianzishwa London mwaka 1926, na mmoja wa waasisi ni mwanamke, Lily Montagu.

DadaWaIringa

Kaka nakuamkia. Umesema wanawake na wanaume wamekaa pamoja. Je, mwanamke anaruhusiwa kusoma hiyo Torati mbele ya watu? Anaweza kuwa rabi? Nauliza kwa sababu kanisani kwetu suala la wachungaji wanawake lilitugawa miaka.

KahawaYaMlima

Marahaba dada. Ndiyo, kwa Wamageuzi na Konsavativu anasoma na anakuwa rabi. Wa kwanza kabisa ni Regina Jonas, Mjerumani, aliyepewa urabi mwaka 1935. Hebu fikiria mwaka huo Ujerumani. Wanazi wameshashika nchi, marabi wengi wanaume wanakamatwa au kukimbia, yeye akabaki akihubiri na kuwafariji wazee, hata ndani ya kambi ya Theresienstadt. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa, mpaka ukuta wa Berlin ulipoanguka na karatasi zake zikafunguliwa katika hifadhi ya nyaraka upande wa mashariki. Marekani walimpata rabi mwanamke wa kwanza mwaka 1972, Sally Priesand, na watu wakadhani ndiye mwanzo.

Habari ya Regina Jonas huwa inaniumiza kila nikiieleza. Mtu anabeba watu wake mpaka kaburini, halafu nusu karne nzima wanamsahau.

Nyandarua_Highlands

Salamu kutoka Kenya. Ndugu mleta mada, umesahau sisi! Huku Kasuku, Nyandarua, kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi Wakikuyu, wakulima. Walianzia kanisa lenye mambo ya Kimasihi, yaani Wakristo wanaomwamini Yesu huku wakishika desturi za Kiyahudi, wakasoma, wakaona wanataka Uyahudi wenyewe, wakafunga uhusiano na Mbale. Nairobi sinagogi lipo tangu enzi za mkoloni, lakini hilo ni la Kiorthodoksi.

Na kuna jambo lilituuma sana. Desemba 2017 kijana mmoja wa Kasuku alikubaliwa kusoma katika chuo cha Konsavativu huko Yerusalemu. Visa alikuwa nayo. Alipotua uwanja wa ndege wa Ben Gurion, Israeli, akazuiliwa, akalala hapohapo, akarudishwa. Kijana wa watu alikuwa anaenda kusoma Torati!

KahawaYaMlima

Ndugu yangu, sikukusahau, nilikuwa nakuja kwako. Hilo la Ben Gurion linaonyesha shida ilipo kuliko maelezo yangu yote.

Israeli ndoa ya serikali haipo. Myahudi anaolewa mbele ya rabi aliyeidhinishwa na Marabi Wakuu, Mwislamu mbele ya kadhi, Mkristo kanisani kwake. Utaratibu huu ulirithiwa kwa Waturuki wa Osmani, Waingereza wakauacha, dola mpya ikauendeleza. Sasa Myahudi ambaye rabi wake ni wa Mageuzi akitaka ndoa isajiliwe, mara nyingi hupanda ndege kwenda Cyprus na mchumba wake, wakafunga bomani huko, wakarudi na cheti. Harusi ya rabi wao wenyewe, nyumbani kwao, haisajiliwi.

Ukuta wa Magharibi nao, ule wa Yerusalemu ambao Wayahudi huenda kusali. Tangu 1988 kuna kundi la Wanawake wa Ukutani wanaokwenda kusali kila mwanzo wa mwezi wa Kiyahudi, wakiwa na shali za sala na kitabu cha Torati. Wamezomewa, wametupiwa vitu, wengine wamekamatwa. Januari 2016 serikali ikapitisha mpango wa sehemu ya pamoja yenye hadhi sawa, yenye usimamizi ambao Wamageuzi na Konsavativu wangeshiriki. Juni 2017 serikali hiyohiyo ikausimamisha kwa shinikizo la vyama vya Kiorthodoksi kali.

Pale walipopata kitu wamekipata mahakamani, tena kwa kusubiri mno. Kesi ya kuwatambua waliopokelewa na Wamageuzi na Konsavativu ndani ya Israeli ilifunguliwa mwaka 2005. Hukumu ilitoka 1 Machi 2021, majaji wanane dhidi ya mmoja: wana haki ya uraia kama Wayahudi wengine. Lakini hukumu ile inahusu uraia tu. Kwenye ndoa mambo ni yaleyale.

Abayudaya? Shirika la Kiyahudi linaloshughulikia uhamiaji liliwatambua mwaka 2016. Bado mmoja wao alipoomba kuhamia, Wizara ya Mambo ya Ndani ikakataa, na suala likafika mahakamani. Mtu amesali chini ya Amin, ukoo wake umeshika Sabato karne nzima, halafu karani anamwambia mhuri wa rabi wako haukidhi.

Kijana_wa_Gaza_Moyoni

Samahani, mimi nitasema wazi. Watu wanakufa Palestina, na wewe unatuletea habari za kuunga mkono Wayahudi? Hii ni propaganda.

KahawaYaMlima

Ndugu, hasira yako naielewa na sitaki kuipunguza. Mimi pia nalilia watoto wa Gaza, na sihitaji kumchukia mtu wa Nabugoye ili kuwalilia. Yule mkulima hana jeshi. Serikali unayoilaani ndiyo iliyomfungia mlango. Nawaomba watu waunge mkono jumuiya za waumini, haki yao ya kusali na kuoana kwa njia yao. Serikali ni habari nyingine kabisa.

Na tukianza kumdai Myahudi wa Mbale ajibu kwa yanayofanywa Yerusalemu, kesho Mwislamu wa Tanga atadaiwa ajibu kwa yanayofanywa kwingine. Hayo tumeshayaona kwenye vituo vya ukaguzi.

PwaniKwetu

Hapo kwenye vituo vya ukaguzi umesema kweli. Mimi nimeshushwa kwenye basi kwa sababu ya kofia na ndevu. Sitamfanyia mwingine.

Mtafiti_wa_Kariakoo

Mkuu nimerudi. Hoja ya Ruthu nimeikubali. Ila nina hofu nyingine: ukiruhusu kila mtu na rabi wake, dini haigeuki soko? Si afadhali mlango uwe mmoja ulio imara? Hata Waorthodoksi wana hoja.

KahawaYaMlima

Wana hoja, na ni nzito. Wanasema watu wachache waliotawanyika dunia nzima wamedumu kwa sababu sheria ilikuwa moja: Myahudi wa Yemen na wa Poland waliweza kuoana bila kuulizana. Kila kundi likipokea kwa vigezo vyake, kesho mtoto ataambiwa na nusu ya watu wake kwamba si mwenzao. Hofu hiyo siidharau. Rabi wa Kiorthodoksi akikataa kumhesabu mtu katika sinagogi lake, ni haki yake, na wala simtaki abadili imani yake kwa ajili yangu.

Ninachokataa ni dola kuuchukua ule mlango mmoja na kuuwekea polisi. Tazama kilichotokea Mbale. Kama mlango ungekuwa mmoja tu duniani, Abayudaya wangesubiri hadi leo. Walipokelewa kwa sababu kulikuwa na mlango wa pili, na wenye mlango huo walikuwa tayari kupanda ndege, kulala kijijini, kukaa siku nzima wakiwasikiliza wakulima mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewalazimisha Waorthodoksi kufuata. Na Putti walipotaka njia ya Kiorthodoksi, nao walikuwa na pa kwenda.

MlimaElgon

Mimi natoka huku Mbale, na mimi ni Mwislamu. Nathibitisha anayosema mleta uzi na naongeza. Shule zao, ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu, watoto wetu wanasoma pale. Waislamu, Wakristo, Wayahudi, darasa moja. Hawalazimishwi sala ya mtu.

Kuna pia ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Kwa Kiganda ni amani tamu. Aliyeuanzisha mwaka 2004 ni J. J. Keki, Myahudi wa hapa. Alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akaona kwa macho yake watu wanavyokufa kwa chuki inayojiita dini. Akarudi, akapita nyumba kwa nyumba: Myahudi, Mkristo, Mwislamu, leteni kahawa tuuze pamoja. Viongozi wakagawana kutoka dini zote tatu. Kampuni moja ya California ikanunua. Wakati ule bei ya mlanguzi ilikuwa inatuua. Watu wanapenda kusema hapa dini zinapendana. Mimi nasema tulianza kwa kupima magunia pamoja.

KahawaYaMlima

Ndugu MlimaElgon, mimi wa kahawa, nasaini kila neno. Mkipima gunia pamoja mnalazimika kuaminiana kwenye mizani, na mizani haina dini.

DadaWaIringa

Sasa kaka, tufanye nini? Wengi wetu hatuna hela za kutuma.

KahawaYaMlima

Dada, hela si ya kwanza. Kuna shirika la Marekani, Kulanu, linalofanya kazi na jumuiya za Kiyahudi zilizo mbali na wenzao, wenye uwezo wanaweza kupitia huko. Lakini misaada ina mtego wake: kijiji kikizoea wageni wenye bahasha, jirani huanza kusema watu wamefuata bahasha. Maneno hayo tayari yanasemwa, na ni uongo kwa watu waliovumilia Amin bila bahasha yoyote.

Mimi naomba mambo madogo. Mtu akisema "Wayahudi feki" mbele yako, msahihishe, una historia sasa. Ukiwatembelea, nenda kama mgeni, usiende kuwahubiria. Kama wewe ni mwalimu, Kakungulu ni historia ya Afrika Mashariki, ifundishe. Kama una ndugu Wayahudi huko Ulaya au Marekani, na watu wetu wengi wanafanya kazi nao, waambie wa Mbale na wa Kasuku wapo, na waulize sinagogi lao linafanya nini kuwapokea kama ndugu badala ya kuwapiga picha.

Nyandarua_Highlands

Hilo la picha! Ahsante.

PwaniKwetu

Mleta uzi, baba mkubwa bado yuko hai? Ulimpa jibu?

KahawaYaMlima

Yuko, ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamsumbua. Nilimwambia ndiyo, mliwafungulia bila kujua. Akaniagiza nimpelekee yule mzee kilo mbili za kahawa ya Machame, na nimwambie imetoka kwa askari. Niliipeleka safari iliyofuata. Mzee akaifungua, akainusa, akawaita wajukuu wote waje wainuse. Kisha akanipa ya Elgon nimrudishie, na akamwalika Pasaka.

Tunajipanga kwenda wote wawili, magoti yakiruhusu. Anayetaka kuungana nasi aje inbox, tutakodi gari kutoka Kampala. Ila tutaondoka mapema sana. Jua likishazama sikukuu imeingia, na pale juu hakuna atakayepokea simu yako.